Barabara Iliyopita Kwenye Migomba

Kemunto wangu,

Umeenda kuagana na wenzako wa kwaya, na mimi leo sina zamu. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, miguu juu ya sanduku lako lililokataa kufungika mpaka tukalikalia sote wawili. Mambo ya sweta, dawa za tumbo na kupiga simu ukifika siyaandiki. Hayo nimeyasema mpaka ukaniambia, "Mama, sasa hata ukuta umeyashika." Naandika kwa sababu ya lile swali la Jumapili.

Tulikuwa tumetoka kanisani. Mimi naosha vyombo, wewe unapangusa. Ukaniuliza bila kuniangalia, "Mama, nikisema nabaki, utafurahi?" Nikafungulia maji kwa nguvu, nikajifanya sikusikia. Ukarudia. Nikakuambia, "Hebu nipe hiyo sufuria." Ulinipa sufuria, na tangu hapo hujauliza tena, ila naona unavyoniangalia nikivaa viatu vya kazi. Unangoja jibu. Kesho jioni ndege inaondoka. Kwa mdomo siwezi; nikianza nitalia, na wewe ukiona machozi yangu utafungua sanduku.

Basi nitakujibu hapa, ila nitazunguka kidogo. Univumilie. Shule yangu ilikomea kidato cha tatu kwa sababu unayoijua, sababu yenyewe ni wewe, na mtu wa kidato cha tatu hajui kusema jambo zito kwa njia ya mkato.

Unakumbuka yule wakili aliyekuja kanisani, tukakaa mbele yake kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni? Alituambia wazi. Mtu aliyekaa hapa Marekani bila karatasi akitoka, mlango unafungwa nyuma yake kwa miaka mingi. Na mimi nikitoka kukufuata, ni hivyo hivyo, halafu hakuna tena mshahara wa kukuweka darasani. Ulimuuliza kama kuna njia nyingine. Akaweka kalamu chini, akasema, "Dada yangu, nisikudanganye." Nilimchukia wakati ule. Baadaye nikamshukuru, kwa sababu watu wengi tuliowauliza walitudanganya.

Na sisemi hukujaribu hapa. Ulisoma chuo cha kaunti mpaka walimu wakakuita nyumbani kwao. Ulienda kwa wale wajenzi ukiwa umebeba mchoro wako wa daraja, yule bwana akausifu, akakuonyesha meza ambayo ungekaa, kisha akakuuliza namba ya kibali cha kazi. Ulirudi ukasema tu, "Wamesema nirudi nikipata papers." Ukala ugali wote. Nilijua umevunjika, kwa sababu wewe ukiwa sawa huwa unabakiza kidogo.

Ulipoanza kunionyesha mambo ya Gujarat, huko India unakoenda sasa kusoma, kwenye simu nilikuwa nimeweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Bandari kubwa. Barabara ya zege inayonyooka mpaka macho yanachoka. Mifereji ya maji inayokata nchi kavu. "Ona, Mama," ukasema, "jimbo hili liliweka pesa kwenye barabara na umeme na bandari, viwanda vikafuata, uchumi ukakua. Hiki ndicho nataka kusoma. Halafu nikajenge kwetu."

Nikakuuliza, "Uchumi ukakua kwa nani?"

Ukacheka. "Mama na maswali ya hakimu!" Kisha ukanyamaza. Ukasema hata huko watu wanabishana juu ya hilo, wapo waliopata kazi na wapo waliohamishwa mashambani mwao, na wewe bado hujui nani yuko sawa. Nilipenda ulivyonyamaza kabla ya kusema. Sikukuambia siku ile, lakini hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba utafika.

Nilimkumbuka Mzee Kanji, Mhindi aliyekuwa na duka la misumari na mabati pale sokoni kwetu. Babu yake alitoka huko huko Gujarat. Siku moja nilipotumwa kununua mafuta ya taa alinieleza, akiwa ananipimia, "Kwetu ilikuwa vumbi tu, binti. Mvua hakuna, njia hakuna. Babu alipanda meli kukimbia vumbi." Leo ningempata ningemwambia, Mzee, mtoto wangu anaenda kwenye vumbi lenu, siku hizi limewekwa lami. Angecheka mpaka meno ya dhahabu yaonekane.

Lakini mimi na barabara tuna habari ndefu, na wewe umeisikia vipande tu.

Ya hapa Langley Park umeiona mwenyewe. Tumeishi na mashimo ya hiyo treni mpya wanayoijenga mtaani kwetu mpaka tukazoea kulala na kelele zake. Yule mama wa El Salvador aliyekuwa akituuzia ndizi za kupika, wateja walikosa pa kuegesha gari, akafunga duka akahamia mbali. Mwenye nyumba anapandisha kodi akisema treni inakuja, kana kwamba ameijenga yeye. Mama Furaha wa ghorofa ya chini, na Kiswahili chake cha Bukavu, alisema tukiwa kwenye foleni ya kufua nguo, "Minakuambia, Mama Kemunto, ile train itafika. Lakini sisi hatutakuwa tena hapa ya kuipanda." Tulicheka sana. Wewe ukakasirika, ukasema treni ni kitu kizuri. Na ni kweli, mwanangu. Nikiwa nimesimama kwenye baridi nangoja basi la kunipeleka Silver Spring kwenye kazi yangu ya kutunza wazee, naiombea hiyo treni kama mgonjwa. Naitaka, na naiogopa.

Sasa ya nyumbani.

Kabla ya lami njia yetu ilikuwa udongo mwekundu, na mvua ikinyesha hata punda aligoma. Nilikuwa msichana mdogo bado wakati nyanya yako alipojifungua kitinda mimba wake, mtoto wa kiume. Alikuwa hajajua hata kukaa. Akashikwa na homa, akaanza kukakamaa. Babu yako akaomba pikapu ya kubeba majani chai, ikaja, ikatembea kidogo, ikazama kwenye matope pale chini mtoni. Wanaume wakasukuma mpaka wakafanana na udongo. Mama akashuka, akaanza kupanda mlima kwa miguu, mtoto mgongoni, kuelekea hospitali. Tulimwona akirudi kabla ya giza. Mtoto bado alikuwa mgongoni. Hakuna aliyeuliza kitu, kwa sababu alikuwa akitembea polepole, kama mtu asiye na haraka tena.

Kwetu mtoto wa umri ule hafanyiwi matanga. Wanaume hawachimbi. Wanawake humzika wenyewe nyuma ya jikoni, kwenye migomba, bila msalaba wala saruji, na habari yake haitajwi tena. Hasa haitajwi mbele ya mwanamke mwenye mimba, kile kifo kisije kikasikia kinaitwa kikamfuata aliye tumboni. Mama na shangazi walipokezana jembe, mimi nikawashikia nguo. Walipomaliza, mama akapanda mche wa mgomba pale pale, akanawa mikono, akawasha moto wa chai. Hilo ndilo kaburi lake. Ukipita ungeona mgomba kama migomba mingine.

Miaka ikaenda. Nikapata mimba yako. Nikarudishwa nyumbani kutoka shule, tumbo limeanza kuonekana, babu yako akawa anaongea na mimi kupitia kwa mbwa. "Mwambie huyo alete maji." Ndipo wapimaji wa barabara wakaja.

Aliyewaongoza alikuwa kijana mwenye adabu, nisimsingizie. Alivua kofia mlangoni. Alikunywa chai yetu, akasifu maziwa. Wakamzungusha shambani na rangi yake nyekundu, akaandika namba kwenye miti, kwenye ghala, kwenye kona ya jikoni. Kila kitu kitalipiwa, akasema, hakuna mtu ataonewa. Kisha akamuuliza babu yako, "Mzee, shamba hili lina makaburi mangapi?"

"Mawili," babu akasema. "Baba na mama."

Wakaenda kuyaona. Yalikuwa na saruji, na majina. Kijana akasema, "Hawa wazee tutawahamisha kwa heshima. Tutawatafutia mahali penye upepo." Watu wakacheka, hata babu yako aliyekuwa hacheki mwaka ule. Kijana akafungua kalamu, akauliza mara ya mwisho, "Mengine hakuna?"

Babu akamtazama mama. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na chupa ya chai mkononi. Na mimi nikamtazama. Migomba ilikuwa pale nyuma yake, karibu kiasi cha kutupa jiwe. Mama hakuiangalia. Aliangalia tumbo langu.

"Hakuna," akasema. Halafu akaniambia mimi, "Mwongezee mgeni chai."

Alikuwa na mtoto mmoja ardhini na mwingine tumboni mwangu, Kemunto, na akakuchagua wewe.

Baba na mama wa babu yako walihamishwa na mchungaji, mbuzi akachinjwa, nyimbo zikaimbwa. Mashine ilipofika kwenye migomba, mama alikuwa ameenda kwa shangazi, eti kumsaidia kupalilia. Alirudi kukiwa kumesawazishwa. Akaomba koleo, akahamisha mafiga ya jikoni yakaangalia upande mwingine.

Nisikudanganye lakini, barabara ile ilitusaidia. Umeme ulifuata nguzo zake. Lori za maziwa zikaanza kufika mlangoni. Binamu yangu akafungua karakana ya kuchomea vyuma, sasa ameajiri vijana. Hospitali iliyokuwa safari ya kufa na kupona ikawa ni mwendo wa chai kuchemka, na wanawake wa kwetu hawajifungulii tena njiani. Kama ingekuwepo mapema, mjomba wako angekuwa leo ni mtu mzima mwenye kitambi anayetuomba pesa. Lami ambayo ingemwokoa ndiyo hiyo inayompita juu. Mimi hili nimelizungusha kichwani miaka yote hii, nikiwa nafua, nikiwa nageuza wagonjwa, na sijapata mahali pa kulitua.

Nyanya yako hakuwahi kupita pale akiwa ndani ya gari. Akisafiri alishuka kabla ya kufika, akazunguka kwa miguu kwenye njia za majani chai, akapanda tena mbele. Makondakta walimzoea. "Nyanya, shuka, tutakungoja pale kwenye kona." Watu wakasema mama ameingiwa na ushirikina uzeeni. Babu yako naye alisema hivyo. Sijui kama hakujua, au alijua akaona ni rahisi kusema hivyo.

Utakapofika mwaka wa tatu watakutoa darasani wakupeleke kupima barabara, uliniambia hivyo ukiruka ruka. Utaingia kwenye ua wa watu ukiwa na rangi na kalamu, na utakuwa na adabu, nakujua. Watakupa chai. Mwenye boma atakujibu. Ukimaliza naye, mwanangu, usifunge kalamu. Tafuta jikoni ni wapi. Kaa na wanawake, shika hata kisu uwakatie mboga, na uangalie nani yumo humo ndani ambaye mbele yake jambo fulani haliwezi kusemwa. Kama yupo, rudi siku nyingine. Wakubwa wako watakuambia unachelewesha kazi. Watakuwa wanasema kweli; kazi itachelewa. Wewe chelewesha. Mila za huko mimi sizijui, na wewe huzijui, kwa hiyo usidhani kwamba mtu akisema hakuna, hakuna.

Nilikuambia nitazunguka. Sasa nakaribia.

Tulipoondoka nyumbani wewe ulikuwa darasa la pili, umeshika ule mkoba wa waridi. Nilimwambia mama, "Naenda kidogo tu. Narudi." Niliamini ninachosema, lakini kuamini hakukumsaidia kitu. Muda wa visa ukaisha, nikabaki, na kila Krismasi aliniuliza kwenye simu, "Mwaka huu?" Nami nikajibu, "Mwakani, mama." Alikuwa ameweka mtamba wa kuchinja siku nitakayorudi. Mtamba akazaa, akazeeka, akafa. Akaweka mwingine. Ndugu zangu walimsihi amuuze walipe ada ya watoto, akakataa, akasema huyo ana mwenyewe. Ningemwambia ukweli mwaka wa kwanza, angelia, angeuza ng'ombe, angeendelea na maisha yake. Nilimfanya mtu wa kungoja. Katika makosa yangu yote, na unayajua mengi kwa sababu wengine wamekuambia, hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Alipopigwa na kiharusi, mjomba wako mkubwa alimweka kwenye gari. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, lakini mkono mmoja ulikuwa unafanya kazi, na kwa mkono huo akashika usukani. Hakutaka wapite pale. Mjomba akabishana naye, kisha akageuza gari, wakazunguka kwa njia za chai, na mvua ilikuwa imenyesha. Walichelewa. Daktari alisema huenda hata wangewahi isingebadilisha kitu. Huenda.

Mazishi niliyaona kwenye simu, nimeiegemeza kwenye kopo la sukari nikimlisha uji yule bibi ninayemtunza. Bibi akaangalia, akaniuliza kama hiyo ndiyo nchi yangu. Nikasema ndiyo. Akasema ni ya kijani sana, nina bahati. Nikampangusa kidevu. Wewe ulikuwa shuleni. Nilikuambia jioni, na ukaniuliza kwa nini silii. Nilikuwa nimeshalia kwenye basi, mwanangu, mbele ya watu wote, mpaka dereva akasahau kunidai nauli.

Basi, Kemunto. Uliniuliza kama ukibaki nitafurahi.

Ndiyo. Nitafurahi sana. Kesho nitafurahi, na keshokutwa nitapika chapati, nitamwita Mama Furaha, tutacheza muziki wa kwao mpaka majirani wagonge dari. Halafu Jumatatu utaenda na mimi kuosha wazee kwa malipo ya mkononi, na kila tukipita pale wanapojenga reli utageuza uso upande wa pili wa basi. Nimeshaona mwanamke akigeuza uso barabarani. Nimeona namna inavyoanza na namna inavyoisha. Sitaki kukaa kiti cha karibu nikimtazama mwingine.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, na jibu ni nenda. Yote mawili, na usijaribu kuyapatanisha, mimi nimeshindwa.

Sitaingia nawe uwanja wa ndege kesho. Siku hizi hata kwenye kituo cha basi mtu huangalia nyuma, na sitaki safari yako ianze na mimi nikiulizwa mimi ni nani. Mchungaji atakupeleka. Nitakuombea hapa hapa jikoni, mikono kichwani mwako, kama mama alivyonifanyia, na sitaongeza maneno.

Na wewe usiniahidi. Ukiniona kwenye simu usiseme "mwakani, Mama." Niambie umekula nini, mvua imenyesha au la, umemkasirikia nani. Kama siku moja mlango ukifunguka, wewe utaingia au mimi nitatoka, na tutashtuka kwa furaha. Lakini nisikae dirishani.

Jambo la mwisho nimelifanya bila kukuuliza, na utakasirika. Kuna msichana mpya kanisani, ametoka Kitale, amekuwa akilala kwenye makochi ya watu. Kesho ukishaondoka anaingia chumbani kwako. Nimeshampa ufunguo. Ameniuliza kama anaweza kubandua picha zako za madaraja ukutani abandike zake, nikamwambia abandue.

Ukisoma hapa utakuwa angani, na nilitaka iwe hivyo, kwa sababu najua kichwa chako, ungeisoma kabla ya kupanda usingepanda. Sasa ukitaka kushuka, kumbuka kuna mtu amelala kitandani kwako, amechoka, na mimi sitamwamsha.

Mama yako